Kubadili AU, mwaka wa nuru na parseki: namba zipi za kutumia, na makosa hutokea wapi?

Nyota_Saba

Habari wakuu. Natengeneza jedwali moja la umbali, kuanzia sayari za Jua letu, nyota za jirani, hadi galaksi chache. Tatizo ni kwamba kila chanzo kina kizio chake. Sayari ziko kwenye AU (kizio cha astronomia, karibu wastani wa umbali wa Dunia na Jua), nyota nyingine zimeandikwa kwa miaka ya nuru, nyingine kwa parseki, na katalogi ya chombo cha anga cha Gaia haitoi umbali moja kwa moja bali paralaksi (pembe ndogo ya kuhama kwa nyota) kwa "mas". Galaksi ziko kwenye Mpc (megaparseki, yaani parseki milioni). Nataka jedwali lisomeke kwa kizio chochote nitakachochagua, ila nimekwama sehemu nne.

Kwanza, kitabu kimoja kinasema mwaka wa nuru ni km 9.4608 × 10¹², kingine 9.4607 × 10¹². Ipi sahihi, na tofauti inatoka wapi?

Pili, nikiweka paralaksi ya Proxima Centauri, 768.07, kwenye fomula ya 1/p napata 0.0013, wakati inajulikana iko parseki 1.3. Nikipitia tanjenti kwenye kikokotoo napata 74.6, namba ambayo haifanani na chochote.

Tatu, baadhi ya nyota za Gaia zina paralaksi hasi, kwa hiyo umbali nao unatoka hasi.

Nne, nikibadili kiwango cha Hubble (kasi ya kutanuka kwa ulimwengu), km/s 70 kwa kila Mpc, kwenda kwa kila miaka ya nuru milioni, napata 228, na kasi za galaksi zinakuwa kubwa kupita kiasi.

Naomba vizidishio vya uhakika na utaratibu wa kufuata.

---

Mizani_ya_Anga

Nachukua swali la kwanza, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Vizio vyote vitatu leo vimefungwa kwenye mita kwa ufafanuzi, si kwa upimaji. Kwa hiyo huna haja ya kunakili kizidishio kutoka popote. Unakitengeneza mwenyewe hadi desimali unayoitaka.

AU 1 = mita 149,597,870,700 kamili. Hivyo ndivyo Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulivyoamua mwaka 2012 kwenye mkutano wa Beijing. Kabla ya hapo AU ilitokana na namba ya Gauss (0.01720209895) na mwendo wa sayari, na urefu wake kwa mita ulikuwa kitu cha kupimwa. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinatofautiana kwenye tarakimu za mwisho. Pia usichanganye AU na umbali wa Dunia wa siku fulani. Mwanzoni mwa Januari Dunia iko km milioni 147.1 hivi kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai km milioni 152.1. AU yenyewe haitikisiki.

Mwaka wa nuru = kasi ya nuru × mwaka wa Julius. Kasi ni m/s 299,792,458 kamili. Mwaka wa Julius ni siku 365.25 zenye sekunde 86,400 kila moja, yaani sekunde 31,557,600. Zidisha:

ly 1 = mita 9,460,730,472,580,800 kamili.

Parseki = AU 648,000/π. Huu ni uamuzi wa mwaka 2015 wa Umoja huohuo. Kwa tarakimu:

pc 1 = AU 206,264.806 = mita 3.08567758 × 10¹⁶

Ukigawanya hizi kwa hizi unapata vizidishio vya kazi za kila siku:

pc 1 = ly 3.261564
ly 1 = pc 0.306601
ly 1 = AU 63,241.08

Sasa ile 9.4608. Mwandishi alikadiria kasi ya nuru kuwa km/s 300,000 na mwaka kuwa siku 365. Kosa la kwanza linaongeza asilimia 0.069, la pili linapunguza asilimia 0.068, na karibu yote yanafutana. Ukizidisha 300,000 × 365 × 86,400 unapata km 9.4608 × 10¹² kamili, ambayo inazidi thamani halisi kwa sehemu saba tu katika milioni. Mtu akiona namba iko karibu hivyo huamini kwamba makadirio yote mawili ni mazuri, kisha anatumia 300,000 peke yake mahali pengine, na hapo hakuna cha kumfutia kosa. Ukikadiria, kadiria jibu la mwisho, si viungo vyake.

Utaratibu ninaoupendekeza: chagua kizio kimoja cha kati, kila namba inayoingia iende kwanza kwenye kizio hicho, na kila inayotoka itoke hapo. Kwa jedwali lenye nyota na galaksi, kizio hicho kiwe parseki. Ukiruhusu kila safu ijibadilishe moja kwa moja kwenda kwa nyingine, vizio vitano vinahitaji vizidishio ishirini, na kimoja kikikosewa hutajua ni kipi.

Na kabla hujaandika jibu, jiulize swali moja: kizio kipya ni kikubwa au kidogo kuliko cha mwanzo? Kizio kikikua, namba lazima ipungue. Parseki ni kubwa kuliko mwaka wa nuru, kwa hiyo nyota yoyote ina parseki chache kuliko miaka yake ya nuru. Makosa mengi ya kuzidisha badala ya kugawanya yanakamatwa hapo tu.

---

Pembe_Ndogo

Swali la pili na la tatu ni la paralaksi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Nyota ya karibu huonekana ikihama kidogo mbele ya nyota za mbali kadiri Dunia inavyolizunguka Jua. Paralaksi p ni NUSU ya uhamaji wote huo, yaani pembe inayolingana na msingi wa AU 1, si AU 2. Ukipima mwenyewe kwenye picha mbili zilizopigwa kwa tofauti ya miezi sita, gawanya uhamaji kwa mbili kwanza. Usipogawanya, kila nyota itatoka nusu ya umbali wake.

Fomula ni fupi: d (pc) = 1 / p (sekunde za tao). "mas" ni milisekunde ya tao, elfu moja katika sekunde 1. Hapo ndipo ulipoteleza. 1/768.07 inatoa 0.001302, ambayo ni jibu sahihi kabisa lakini kwa kiloparseki. Kwa hiyo kumbuka jozi hizi mbili:

1 / mas = kpc
1000 / mas = pc

1000 / 768.07 = pc 1.30196. Mara 3.261564 ni ly 4.2464. Mara 206,264.806 ni AU 268,550. Ukitaka kilomita, ni 4.017 × 10¹³.

Hiyo 74.6 nayo inajieleza. Umeweka 0.768 ndani ya tanjenti huku kikokotoo kikiwa kwenye digrii, kwa hiyo kimehesabu digrii 0.768, si sekunde 0.768. Ungekuwa kwenye radiani ungepata 1.04. Zishike namba hizi mbili: ukiziona kwa Proxima, unajua papo hapo kosa ni la kizio cha pembe. Njia sahihi ni kugawanya kwa 3,600 kwanza ili upate digrii: tan(0.76807/3600) = 3.7237 × 10⁻⁶, na kinyume chake ni AU 268,550 ileile.

Lakini tanjenti huihitaji. Kwa pembe ndogo namna hii, tanjenti na pembe yenyewe kwa radiani ni kitu kimoja, na radiani 1 ina sekunde za tao 206,264.806. Namba hiyo umeshaiona hapo juu: ndiyo idadi ya AU ndani ya parseki. Ufafanuzi wa zamani ulitumia tanjenti, wa sasa unatumia pembe yenyewe, na tofauti kati ya parseki hizo mbili ni kama km 242 tu katika trilioni 30.9. Hakuna paralaksi iliyopimwa inayoweza kuigundua.

Urahisi huohuo unakupa kitu kingine bure. Pembe kwa sekunde za tao ukiizidisha kwa umbali kwa parseki, unapata upana kwa AU, bila kizidishio chochote. Alpha Centauri A na B wana nusu mhimili mkubwa wa sekunde 17.57 na paralaksi yao ni kama 0.750, basi 17.57 / 0.750 ni AU 23.4. Ukijaribu hilo kwa miaka ya nuru, 3.26 inakufuata kila hatua. Wataalamu wanashikilia parseki kwa sababu hiyo.

Kuhusu paralaksi hasi: usizifute, na usizigeuze kuwa chanya. Paralaksi ni matokeo ya upimaji wenye kelele. Nyota ikiwa mbali sana, paralaksi yake halisi iko karibu na sifuri, na kelele inaweza kuisukuma upande wowote, hata chini ya sifuri. Thamani ya mas −0.05 yenye kosa la ±0.10 inasema jambo la maana: nyota hiyo haiko karibu. Isichoweza kufanya ni kuingia kwenye 1/p.

Tatizo huanza hata kabla ya kufika kwenye hasi. Chukua p = 2.0 ± 0.4 mas. Katikati ni pc 500. Ukipanda hadi 2.4 unapata pc 417, ukishuka hadi 1.6 unapata pc 625. Kosa lililokuwa sawa pande zote mbili limekuwa 83 upande mmoja na 125 upande wa pili. Ukichukua wastani wa umbali wa nyota nyingi za namna hii, wastani wako utavutwa mbali kuliko ukweli. Kanuni ninayoifuata:

Kosa likiwa chini ya asilimia 10 ya paralaksi, 1/p inatosha.
Likiwa kati ya 10 na 20, andika mipaka miwili tofauti, wa juu na wa chini.
Likizidi 20, acha 1/p. Tumia umbali uliokadiriwa kwa njia ya Bayes (takwimu za uwezekano). Umeshachapishwa kwa zaidi ya nyota bilioni moja za Gaia.

Na kama unataka wastani wa kundi la nyota, tafuta wastani wa paralaksi kwanza, halafu ndiyo ugeuze. Usigeuze kila moja halafu utafute wastani.

---

Nyota_Saba

Asante sana, wakuu. 1/mas = kpc imefungua mengi. Swali dogo: nyota angavu kama Ibuti la Jauza (Betelgeuse) naziona kwenye vyanzo zikiwa na umbali tofauti kabisa. Hilo nalo ni la vizio?

---

Pembe_Ndogo

Hapana, vizio havina hatia hapo. Paralaksi ya Betelgeuse kwenye uchambuzi wa mwaka 2007 wa data za Hipparcos, chombo kilichotangulia Gaia, ni mas 6.55 ± 0.83. Kosa ni karibu asilimia 13. Geuza: katikati pc 153, yaani ly 498; mipaka ni pc 136 na pc 175, yaani ly 442 na ly 570. Nyota yenyewe ni pana kuliko paralaksi yake na uso wake una madoa ya mwanga yanayobadilika, kwa hiyo hata kuupata katikati yake kwa usahihi ni kazi.

Linganisha na Shira (Sirius): paralaksi 379.21 mas, pc 2.637, ly 8.60. Hapo tarakimu tatu unaziandika bila wasiwasi.

Funzo kwa jedwali lako ni la kiutendaji: weka safu ya paralaksi na safu ya kosa lake, na umbali uwe safu inayokokotolewa. Usihifadhi "ly 497.9" peke yake. Namba hiyo ina tarakimu nne wakati upimaji una moja na nusu.

Mambo mengine mawili kwa anayetumia Gaia DR3 (toleo la tatu la data za Gaia). Paralaksi zake zina sifuri iliyosogea kidogo: kwa kwasari, viini angavu vya galaksi za mbali mno ambavyo paralaksi yake halisi ni sifuri, wastani unatoka −0.017 mas. Kwa hiyo unaongeza kama 0.017 kabla ya kugeuza. Kwa Proxima haina maana yoyote. Kwa nyota ya mas 0.500 inabadili pc 2,000 kuwa pc 1,934, zaidi ya asilimia 3. Kiasi hicho hutegemea mwangaza wa nyota, rangi yake na mahali ilipo angani, kwa hiyo 0.017 ni ya kuanzia tu. La pili, angalia safu inayoitwa RUWE, kipimo cha jinsi vipimo vinavyolingana na nyota iliyo peke yake. Ikizidi 1.4, mara nyingi nyota ina mwenzake asiyeonekana anayeivuta huku na huku, na paralaksi hiyo usiiamini kabla hujaichunguza.

---

Msimbo64

Naongeza upande wa kompyuta, maana fomula inaweza kuwa sahihi na jibu likawa bovu.

Ukiandika programu inayohifadhi umbali kwa mita katika namba kamili za biti 32, AU moja tu haiingii: kikomo ni 2,147,483,647. Biti 64 zinafika ly 975 hivi, kisha zinafurika, na katika lugha nyingi hupewi onyo. Namba inarudi ikiwa hasi.

Namba za desimali za biti 32 zina tarakimu saba za kuaminika. Kwa umbali wa AU 1 kwa mita, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni mita 16,384. Kwa parseki 1, hatua hiyo ni kilomita milioni 2.1. Ukitoa umbali wa nyota mbili zinazozungukana ili upate pengo lao, pengo linameng'enyeka hapohapo. Vilevile ukiinua parseki kwa mita hadi kipeo cha tatu unapata 2.9 × 10⁴⁹, na biti 32 zinaishia 3.4 × 10³⁸. Tumia biti 64. Kwa parseki 1 hatua yake ni mita 4.

Ila dawa bora kuliko biti ni kutopita kwenye mita bila sababu. Sayari ziache kwenye AU, nyota kwenye pc, galaksi kwenye Mpc.

Kwenye lahajedwali, kosa la kawaida ni kuandika 206264.806 au 3.2616 ndani ya kila fomula. Weka thamani za msingi kwenye seli tatu juu ya ukurasa (AU kwa mita, ly kwa mita, na 648000/PI()), kila fomula izirejelee. Jina la kila safu libebe kizio chake: plx_mas, d_pc, d_ly. Safu iitwayo "umbali" pekee ndiyo chanzo cha nusu ya vurugu. Angalia pia lugha ya mfumo wako: baadhi husoma 4,37 kama nne nukta tatu saba, mingine kama mia nne thelathini na saba, na faili likihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, umbali unazidi mara mia bila mtu kugusa kitu.

Anayetumia Python, Astropy ina vizio vyote tayari:

from astropy import units as u
d = (768.07 * u.mas).to(u.pc, equivalencies=u.parallax())
print(d.to(u.lyr), d.to(u.au))

Bila ile sehemu ya u.parallax() itakataa, na ni vizuri ikatae: pembe si umbali, lazima umwambie kwa nini unaigeuza. Faida kubwa ya maktaba hii ni kwamba ukijumlisha pc na ly inabadilisha yenyewe, na ukijumlisha pc na sekunde inasimama.

Na kwa wanaohesabu msongamano wa nyota: pc³ 1 si ly³ 3.26. Kizidishio nacho kinapanda kipeo cha tatu, ni 34.7. Nyota 0.1 kwa kila pc³ ni nyota 0.0029 kwa kila ly³.

---

Mbali_Sana

Swali la nne halijajibiwa, nami nalitaka, kwa sababu linawaangusha hata wanaojua.

Kiwango cha Hubble kimeandikwa km/s KWA KILA Mpc. Megaparseki iko chini ya mstari. Kipande cha ly milioni 1 ni kidogo kuliko Mpc 1, kwa hiyo kasi inayoongezeka ndani yake lazima iwe ndogo pia. Unagawanya:

70 / 3.261564 = km/s 21.46 kwa kila ly milioni 1

Wewe ulizidisha ukapata 228.3. Kosa lako halikuwa mara 3.26 bali mara 10.64, yaani 3.26 kwa 3.26, kwa sababu ulikwenda upande wa pili wa ukweli. Galaksi iliyo ly milioni 100 inapaswa kutoka km/s 2,146. Kwa namba yako ingetoka km/s 22,830. Ukiona jibu limepotoka mara 10.6 kwenye hesabu za umbali, tafuta kwanza 3.26 iliyozidishwa mahali pa kugawanywa.

Kanuni ya Mizani ya "kizio kikikua namba ipungue" inageuka kizio kinapokuwa chini ya mstari. Andika vizio kama sehemu na uvifute kimoja kimoja. Inachukua nusu dakika.

Ukitaka muda wa Hubble, futa umbali kwa umbali: Mpc 1 ni km 3.0857 × 10¹⁹. Gawanya kwa 70, unapata sekunde 4.408 × 10¹⁷. Gawanya kwa 31,557,600, unapata miaka bilioni 13.97. Njia ya mkato: 977.8 gawanya kwa kiwango cha Hubble, jibu ni miaka bilioni.

Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota). Fomula m − M = 5 log d − 5 inakubali parseki peke yake, kwa sababu M, mwangaza halisi (m ni ule unaoonekana), imefafanuliwa kwa pc 10. Shira ina m = −1.46 na d = pc 2.637, basi M = 1.43. Ukiweka 8.60 kwa sababu jedwali lako liko kwenye ly, unapata M = −1.13, na nyota imeng'aa mara 10.64 zaidi ya ilivyo, namba ileile tena. Ukilazimika kutumia miaka ya nuru, mwisho wa fomula uwe − 7.567 badala ya − 5.

Kwa kwenda kinyume, d = 10^((m − M + 5)/5). Wingu Kubwa la Magellan lina tofauti hiyo (m − M) ya 18.477, hivyo 10 kwa kipeo cha 4.6954, yaani pc 49,590, au ly 161,700. Kosa la 0.1 kwenye magnitudo linakuwa asilimia 4.6 kwenye umbali, kwa hiyo usibakize tarakimu nyingi kuliko hapo.

---

Mizani_ya_Anga

Msimbo64 kasema kweli kuhusu kutopita kwenye mita. Kwa kasi pia kuna njia za kukwepa. AU 1 kwa mwaka ni km/s 4.74. Kwa hiyo kasi ya nyota kukatiza anga ni:

v (km/s) = 4.74 × mwendo (sekunde za tao kwa mwaka) / paralaksi (sekunde za tao)

Nyota ya Barnard: mwendo 10.39, paralaksi 0.54698, jibu ni km/s 90. Hakikisha mwendo na paralaksi viko kwenye kizio kimoja, vyote mas au vyote sekunde. Kimoja kikiwa mas, jibu linapotoka mara elfu. Na km/s 1 ni karibu pc 1.02 kwa miaka milioni, makadirio mazuri ya kichwani.

Kwa sayari, badala ya mwaka wa nuru tumia muda wa nuru: AU 1 ni sekunde 499.005, yaani dakika 8 na sekunde 19. Neptuni yenye AU 30.07 inatoka saa 4 na dakika 10. Chombo kilicho AU 165, kama Voyager 1 ilivyokuwa mwaka 2024, ishara yake inachukua saa 22 na dakika 52 kufika. Siku nzima ya nuru ni AU 173.14.

Na kwa makadirio: 3.26 badala ya 3.261564 ni kosa la asilimia 0.05, linatosha kwa maelezo ya kawaida, ila kwa Proxima tayari linagusa tarakimu ya nne. 206,265 unaweza kuitumia popote. Kosa lake ni chini ya sehemu moja katika milioni.

---

Nyota_Saba

Nimeelewa. Nimebakiza galaksi za mbali sana: nikiona "miaka ya nuru bilioni 13.4", nigawanye kwa 3.2616 nipate Gpc (parseki bilioni)?

---

Mbali_Sana

Usigawanye kabla hujajua namba hiyo ni ya nini. Mara nyingi bilioni 13.4 ni MUDA ambao nuru imesafiri, si umbali. Galaksi GN-z11 ni mfano: nuru yake imesafiri kama miaka bilioni 13.4, lakini kwa sababu anga lilikuwa likitanuka njia nzima, umbali wake wa leo ni kama ly bilioni 32, ambao ndio unaoweza kuugeuza kuwa Gpc 9.8. Ukigawanya 13.4 unapata Gpc 4.1, na hakuna umbali wa GN-z11 unaotumika katika kosmolojia wenye thamani hiyo.

Kwa galaksi za jirani, za Mpc makumi kadhaa, tofauti ni ndogo na unaweza kugeuza tu. Mhamo wa nuru kuelekea wekundu (redshift, z), yaani kiasi nuru ilivyovutwa na kutanuka kwa anga, ukizidi z = 0.1 hivi, anza kutofautisha. Hifadhi z kwenye jedwali kama ulivyohifadhi paralaksi, pamoja na thamani za kosmolojia ulizotumia (kiwango cha Hubble na sehemu ya mata), kisha acha programu ikokotoe umbali. Katika Astropy ni moduli ya cosmology, na inakulazimisha uchague: comoving_distance, luminosity_distance au angular_diameter_distance. Kwa fomula ya magnitudo chagua ya pili. Kwa kugeuza pembe kuwa upana chagua ya tatu. Zote zinatoka kwa Mpc, na kwa z kubwa zinapishana kwa kizidishio kikubwa, kwa hiyo jina la safu liseme ni ipi, si kizio peke yake.